Siku Binamu Alipoweka Pedi Chini

Jumapili iliyopita mtoto wa Binamu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Newala. Yuko kidato cha tatu sasa na sauti imeshakuwa nzito. Mwanzoni nilidhani ni baba yake anayeongea. "Shikamoo ba' mdogo. Eti baba anasema nyie mliwahi kununiana kwa ajili ya gemu. Ni kweli? Na ile Final Fantasy ya 16 ni nzuri, au nisihangaike nayo?"

Swali la pili ningelijibu palepale. La kwanza ndilo lililonikalisha kitako. Nimeusikiliza ujumbe ule mara nne na mpaka leo sijamjibu.

Wanaotufahamu mimi na Binamu tangu enzi za Chikongola, Mtwara, wanajua ilivyokuwa na Final Fantasy X, yaani ya kumi. Mwaka 2005 kibanda cha gemu cha pale kilikuwa na PlayStation 2 mbili. Moja ilikuwa ya mpira asubuhi hadi usiku, na ukithubutu kuigusa ungepigwa. Ya pili tulikuwa tunaipata saa za mchana, jua linapochoma bati na watoto wamekimbilia kwenye miembe. Mimi nilikuwa kidato cha pili, Binamu alikuwa anabeba magunia ya korosho bandarini. Pedi ya kuchezea alishika yeye. Kiingereza nilisoma mimi, kamusi ikiwa mapajani, namgeuzia kila sentensi kwa Kiswahili kabla hajabonyeza iendelee.

Sharti lake lilikuwa moja: hakuna kupita mtu bila kumsalimia. Tumefika kisiwa cha Besaid, kijiji kina mahema na hekalu, mimi roho iko mbele kwenye vita, yeye anamsogelea kila aliyesimama mlangoni. Nikimhimiza anasema, "Subiri, hujamwamkia mzee." Na gemu ile ilikuwa upande wake. Wapo watu ukizungumza nao wanakupa dawa, wengine hela. Kuna lugha ya kubuni mle inaitwa Al Bhed, na unaokota vitabu vyake 26, kila kitabu kinakufungulia herufi moja, na baadhi unapewa na watu. Binamu aliishia darasa la saba, na kwake Kiingereza na Al Bhed vilikuwa kitu kimoja, vyote viwili ni mlango uliofungwa. Kila tulipopata kitabu alikuwa anaandika herufi ile kwa kalamu nyuma ya karatasi ya kupimia magunia. Kilipokuja kitabu kutoka kwa mtu aliyemsalimia tu, alinigeukia: "Unaona? Adabu ni akiba."

Halafu Kilika. Kijiji cha wavuvi, nyumba zimejengwa juu ya maji, zimevunjwa na lile dude Sin. Yuna, msichana tunayesafiri naye, anatembea juu ya maji pekupeku, anacheza na fimbo yake ili roho za waliokufa ziende zao, na waombolezaji wamesimama kwenye mbao zilizobaki wanalia. Sisi ni watu wa pwani. Binamu alizima feni ili asikie vizuri. Hakusema neno mpaka ilipoisha, kisha akaniuliza kama wale waliosimama pale tutaweza kuzungumza nao.

Tuliweza. Alizungumza nao wote.

Mwaka 2007 mjomba aliugua, Binamu akarudi Newala kushika mikorosho ya baba yake. Akaoa. Nikabaki na memori kadi yetu, iliyotunza tulipofikia, ndani ya soksi, imeandikwa kwa kalamu ya wino majina yetu mawili.

Final Fantasy XIII, ya kumi na tatu, ilianza kuuzwa Japani Desemba 2009, Ulaya na Marekani ikafika Machi 2010. Mimi nilikuwa nakaa intaneti kafe karibu na Soko Kuu, nangoja dakika kumi video ya dakika mbili ifunguke, kisha nampigia simu kumsimulia. Nilimsimulia Lightning, dada shujaa wa gemu hiyo, na upanga wake. Nilimwambia kuna baba mmoja mweusi, Sazh, ana bastola mbili na kifaranga cha chocobo, yule ndege wa gemu hizi, kinaishi kwenye nywele zake, na anamtafuta mwanawe. Binamu alifurahi sana kwa Sazh. Alikuwa ameshapata mtoto wa kiume, huyuhuyu aliyenitumia ujumbe. Nilimwambia dunia yake ni kubwa kuliko ya X mara kumi. Hilo sikuliona kwenye video yoyote. Nilijisemea tu, kwa sababu niliamini lazima iwe hivyo.

Mwishoni mwa 2011 kibanda kimoja cha Majengo kikaleta PlayStation 3. Diski haikuwepo Mtwara. Binamu alipolipwa korosho alinitumia Sh 40,000 kwa simu, mimi nikaweka 25,000, rafiki akaitafuta Kariakoo Dar es Salaam na kumkabidhi konda wa basi. Mvua zilikuwa zimeanza. Kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, kilikuwa bado hakijawekwa lami, basi likalala kwenye tope. Siku mbili nilikwenda stendi kama mtu anayesubiri mgonjwa.

Binamu akashuka kutoka Newala Jumamosi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alioga nyumbani, mama akampa ming'oko, vile viazi vya porini, na chai, kisha akavaa shati lake la Idi. La Idi, nasema, jeupe, lina mstari wa pasi mikononi. Mwenye kibanda alitukodishia usiku mzima kwa Sh 10,000, akafunga mlango kwa nje ili vijana wasiingie, akatuachia mkeka na dirisha wazi.

Nakumbuka mwanga. Sijawahi kuona picha safi kiasi kile, na televisheni yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Treni inakimbia juu ya shimo lisilo na mwisho, Lightning anaruka, Sazh anamfuata akihema. Binamu alicheka alipokiona kifaranga. Tukaanza kutembea.

Tukatembea. Njia inakwenda mbele, maadui watatu, unawapiga, njia inakwenda mbele. Ramani ndogo ya pembeni ilikuwa kama utepe uliotupwa chini. Kwenye mapigano unaongoza mtu mmoja tu, wenzake wanajipigania wenyewe, na yule mmoja akianguka mchezo umekwisha hata kama wenzake wako wazima. Kuna kitufe cha kukuchagulia mashambulizi, unabonyeza, unatazama. Sikusema kitu. Nilijua mwanzo huwa hivyo.

Kama saa sita usiku tukakuta watu. Raia waliofukuzwa kwao, wamejikusanya, wana hofu. Binamu akajinyoosha. Akamsogelea mmoja, na kabla hajabonyeza chochote yule mtu akasema maneno yake, yakaandikwa kwenye kioo, yakafutika. Binamu akarudi nyuma hatua mbili, akamsogelea tena vizuri, uso kwa uso, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akaitazama pedi, akaigeuza, akakifuta kile kitufe kwa kidole gumba. "Hiki hakikamati," akasema. Nikampa pedi ya pili. Akaenda kwa mtu mwingine, na huyo naye akasema lake kabla ya kusalimiwa. Akambonyezea. Akambonyezea mtu wa tatu. Mimi nilishaelewa, maana nilisoma mahali kwamba humu watu huongea wenyewe ukiwapita karibu, na nilikuwa naomba asiniulize.

"Wanaongea na nani?" akauliza.

"Na sisi."

"Hawatuoni, Binamu. Watu wanatupita."

Hatukuwa na la kufanya ila kuendelea. Saa tisa usiku tukawa kwenye Ziwa Bresha, maji yameganda yakawa fuwele yakiwa katikati ya kuruka, mawimbi yamesimama angani. Sidhani kama nimeona mahali pazuri zaidi kwenye gemu yoyote. Mtu yeyote aliyekulia karibu na bahari angetaka kusimama pale. Tulisimama. Binamu aliizungusha kamera polepole, akatazama kila upande. Nje mbwa alikuwa anabweka kuelekea sokoni. Kisha akavuta pindo la shati lake la Idi, akafuta jasho kwenye pedi, mikono yote miwili ya pedi na katikati, kama mtu anavyolisafisha jembe la kuazima kabla ya kulirudisha. Akaiweka juu ya mkeka, vitufe vikinielekea mimi.

"Binamu," akasema, "humu hamna mtu wa kuzungumza naye."

Nikamwambia nimesoma, sura ya kumi na moja kunafunguka, kuna mbuga kubwa, unakwenda unakotaka.

"Hii ya ngapi?"

"Ya tatu."

Akatikisa kichwa. Akapitia dirishani, maana mlango ulifungwa kwa nje, akakaa kwenye kibaraza. Na hapa ndipo ninapokwama kila nikiusikiliza ujumbe wa mwanawe. Sikumfuata. Nilichukua pedi, ilikuwa bado na joto la mikono yake, nikaendelea kucheza. Nilikuwa na hasira naye. Niliona kama amekataa chakula nilichompikia mwaka mzima na nusu, tena mbele ya wageni, ingawa hatukuwa na mgeni hata mmoja. Kulipokucha nikachungulia, kibaraza kitupu. Alikuwa ameshapanda gari la kwanza la Newala.

Tulinyamaziana miezi sita.

Katika miezi hiyo nilisoma sana. Nikakuta watu wa Japani, wa Marekani, wa kila mahali wanalia kilio kilekile: njia moja, hakuna vijiji, hakuna nafasi ya kupumua. Wengine waliipenda, na sababu zao ni za kweli, mapigano yake yakishafunguka ni ya kasi na ya akili, muziki ni mzuri. Watengenezaji wenyewe walikuja na XIII-2, ikaanzia Japani Desemba ileile tuliyokaa kibandani, nayo ilirudisha miji na uchaguzi wa njia. Nilitaka kumpigia Binamu nimwambie ulikuwa sahihi, dunia nzima imesema. Sikupiga.

Lakini lipo jambo lililonisumbua zaidi. Niliichukua ile memori kadi kwenye soksi, nikaicheza tena X peke yangu, na nikaona kitu ambacho mwaka 2005 sikukiona. X nayo ni njia moja! Besaid, Kilika, Luca, unakwenda mbele tu, mpaka karibu na mwisho ndipo unapata chombo cha kuruka. Utepe ni uleule. Sikuuona kwa sababu Binamu alikuwa anatusimamisha kila mlango. Sasa sijui. Labda watengenezaji wa X walijua kwamba njia nyembamba inavumilika kama ina watu pembeni, na wa XIII walisahau. Labda ni sisi tuliokuwa na miaka michache na mchana mrefu. Nikiwa peke yangu, hata Besaid niliwapita wazee wawili bila kuwasemesha, nikagundua nimeshafika kwenye mashua.

Huku kwenye XIII nilikuwa naendelea, saa mbili kila Jumapili. Mwezi wa sita nikaifikia sura ya kumi na moja. Gran Pulse. Milima, majani yanayumba, wanyama wakubwa kama nyumba wanatembea taratibu kwa mbali, na ile ramani ya utepe ikapanuka. Nilisimama wima kibandani. Vijana wa mpira wakageuka kunitazama. Nikatoka nje na simu mkononi, nikapiga Newala kabla sijapata muda wa kufikiri.

Alipokea. Nyuma yake kulikuwa na muungurumo, ilikuwa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, mashine iko mgongoni kwake. "Binamu!" nikapaza sauti. "Kumefunguka! Sura ya kumi na moja, kumefunguka kote!"

Hakusikia. Nikarudia. Akaizima mashine, nikamsikia anaishusha chini, anakohoa vumbi la salfa, anasogea pembeni.

"Kumefunguka?"

"Kote. Huoni mwisho."

"Kuna watu?"

Nilikuwa nimeshazunguka saa nzima. Nilikutana na wanyama. Nilikutana na mawe yenye maandishi, yameachwa na watu waliokuwa wakiishi kule zamani wakageuka mazimwi, kila jiwe linakuachia kazi ambayo mwenyewe hakuimaliza. Nilikuwa nimesoma pia kwamba mbele kabisa kuna kijiji, Oerba, nyumba zimefunikwa vumbi jeupe.

"Hakuna," nikasema. "Walikuwepo."

Alikaa kimya, nikasikia upepo wa shambani kwake ukigonga simu.

"Basi njoo Jumamosi," akasema. "Mtoto ameanza kuongea." Kisha nikasikia anaivuta kamba ya mashine, mara ya kwanza ikakataa, ya pili ikawaka.