Uzi wa cherehani chini ya Land Rover

Hii ilikuwa 2003 pale Kibuye, Kisumu. Nilikuwa na miaka 18, shule nimetoka juu ya karo, mjomba akanipeleka gereji moja ya jua kali karibu na soko nifunzwe kazi. Miezi mitano kazi yangu ilikuwa kuosha spea na petroli na kupeana spana, basi. Alafu Ijumaa moja ikaingia Land Rover Series III inamwaga oili kwa sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini, na mwenyewe alikuwa anaihitaji kesho yake saa moja asubuhi ju ndio ilikuwa ibebe mwili wa mamake kutoka mochari hadi nyumbani Siaya. Mazishi ya Jumamosi unajua vile huwa, watu washaitwa, hema ishalipiwa, ng'ombe iko tayari, hakuna kusema ngojeni kidogo.

Mzee aliyekuwa ananifunza kazi alikuwa amebanwa na giaboksi ya matatu, akaniambia, "Kijana, hiyo sampu shusha wewe. Gaskiti hii hapa." Gaskiti, ile ya kuziba kati ya sampu na injini, ilikuwa ya koki kama kizibo cha chupa, mpya, nyepesi kama chapati iliyokauka.

Sasa sampu shida yake ni kwamba unafunga ukiwa umelala chali, unainua hiyo bakuli ya chuma na mikono miwili, inasimama kidogo kwa magoti, na gaskiti iko hapo juu haijashikwa na kitu. Mimi nilikuwa nimeona watu wakibandika na grisi, nikapaka grisi, tena nyingi. Lakini ilikuwa saa nane mchana Kisumu, chini ya mabati, na kabla nifikishe bolti ya tatu grisi ishakuwa maji kama mafuta ya kupikia na koki inateleza. Nikasikia bolti moja ya nyuma inakataa, nikailazimisha na spana ya nusu inchi mpaka ikaingia. Hapo ndio nilikosea na nilijua nimekosea.

Nikajaza oili kwa injini karibu lita 7. Kabla nifunike mkebe tone likaanguka, lingine, alafu ikawa mstari.

Nilienda nikamwambia mzee mwenyewe, sikungoja aone. Akalala chini na tochi, akapitisha kidole pale nyuma, kipande cha koki kilikuwa kimetokeza nje kama ulimi. "Imetembea," akasema, basi, hakunigombesha. Tukamwaga oili kwa karai safi, tukashusha. Kona ya nyuma ilikuwa imejikunja ndani na imeraruka kwa matundu mawili. Madukani gaskiti ya hiyo gari hukupata jioni hiyo, mzee akatoa shiti ya koki, akaweka sampu juu yake akachora na penseli, matundu akatoboa na kipande cha paipu alichonoa mdomo. Nikamuuliza si tujaze tu silikoni, ile gundi ya kuziba. Akasema silikoni ikizidi inabanwa kuingia ndani, inakatika vipande, inaenda kuziba chujio ya pampu ya oili, na injini inakufa kwa kukosa oili huku sampu haivuji hata kidogo.

Alafu akanituma kwa mama fundi wa nguo kibanda cha pili. "Mama, shikamoo, mzee ameomba uzi." Akanipea rili nyeusi ya pamba, akauliza nani amechanika suruali.

Kwanza tukaweka mdomo wa sampu juu ya mbao, tukagonga polepole kila tundu, ju bolti zikikazwa sana miaka na miaka chuma inavutwa inainuka pale na koki haikai. Mzee akachukua bolti mbili kuukuu akakata vichwa na hakso, akachora mfereji mdogo kwa ncha wa kuingiza bisibisi, akazifunga kwa bloki ya injini kona mbili zinazotazamana. Mimi nikapewa uzi. Unapitisha kwa tundu la koki na tundu la sampu, unazungusha kwa ukingo wa nje, unafunga fundo nje. Mara sita, kuzunguka sampu yote. Nilijaribu kusukuma koki na kidole ikakataa kusonga, nikajaribu tena ju sikuamini uzi mwembamba hivyo unaweza.

Tukainua, zile bolti zisizo na vichwa zikaipokea, ikapanda wima bila kuyumba. Tukaingiza bolti zingine na vidole tu. Alafu mzee akapitisha wembe kwa kila fundo, akavuta uzi ukatoka, tukaweka bolti pale ulipokuwa, akatoa zile mbili za kona na bisibisi. Kukaza tulianza katikati tukienda nje, huku na huku, spana fupi, na koki ikianza kufura kidogo tu mkono unaacha.

Nililala gereji usiku huo. Niliweka kartoni kavu chini ya injini, tukawasha robo saa, tukazima. Saa sita nikaangalia na koroboi, saa tisa nikaangalia, saa kumi na moja.

Mwenye gari alikuja na ndugu zake wawili, koti nyeusi, macho mekundu, hakuuliza kitu. Akawasha, akainama akaangalia chini, akanishika mkono na mikono yake yote miwili. Wakatoka kwa geti polepole. Mimi nilibaki na kartoni mkononi nikiigeuza kwa jua huku na huku, haina hata tone.