Mbili moja, mbili moja
Mwaka 2016 nilikuwa nafundisha awali kwenye shule moja ya msingi huku Pangani, ndo mwaka ule elimu bila malipo imeanza, Januari wazazi walileta watoto mpaka nikajikuta na 87 chumba kimoja, wengi wanakaa chini kwenye vipande vya mikeka walivyokuja navyo toka nyumbani. Vifaa hakuna. Nikapita kwenye vibanda vya soda kuomba vizibo, nikaviosha, nikapata ndoo nzima, vyekundu na vya bluu ndo vingi.

Siku hiyo tulikuwa tunapanga vitu kwa mfuatano unaojirudia. Nikapanga chekundu, bluu, chekundu, bluu, nikawaambia waendeleze. Wengi walinakili vyangu kimoja kimoja, mfano wangu ukiisha na wao wanakwama hapo hapo, wengine wakajenga minara, wengine vyekundu vyote huku bluu kule. Nikawa nazunguka tu, hapana, sio hivyo, angalia cha mwalimu.

Karibu na mlango kuna binti mmoja mkimya sana. Yeye kapanga chekundu chekundu bluu, chekundu chekundu bluu, mstari umefika mpaka kizingitini. Nikaona kakosea. Nikainama nikaanza kutoa vile vyekundu vya pili, kimoja baada ya kingine, na hakusema kitu, alikunja mikono tu akaangalia chini. Ile sura yake ninayo mpaka leo.

Kurudi baada ya muda, kavirudisha vyote. Nikamuuliza, mwanangu, mbona umerudisha? Akaweka kidole kwenye mkeka aliokalia, akawa anakisogeza huku ananong'ona, "mbili, moja, mbili, moja." Nikaangalia. Vijumba viwili vya zambarau, kimoja cheupe, viwili, kimoja, mkeka mzima umekwenda hivyo.

"Bibi anasuka hivi."

Nilikaa chini pale pale nikamwomba samahani. Yaani mtoto alikuwa ameshika kitu kigumu kuliko nilichofundisha, anajua kabisa kipande gani kinarudi, na mimi nilikuwa nakibomoa kwa mkono wangu!

Kesho yake sikugusa vizibo kwanza. Tulisimama, makofi mawili, mguu mmoja chini, pa pa dum, pa pa dum, darasa zima mpaka vumbi linatimka. Nikawauliza nini kinarudi? Wakajibu kwa mikono. Ndipo nikagawa vizibo, wapange huku wanaimba pa pa dum, na pale katikati kijana mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, hivi ni vile vya makofi!" Ndo hicho nilichokuwa natafuta wiki nzima, mtoto aone kwamba sauti na vizibo ni mpango ule ule.

Ijumaa bibi mwenyewe akaja kumchukua mjukuu wake. Nikamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu, nikamweleza yote, akacheka, akafungua kikapu akatoa ukili alioanza kusuka, ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka, chane zake, vile vipande vyembamba vya majani, bado zinaning'inia. Akakaa mlangoni akaendelea, watoto wamemzunguka, na kila akinyoosha mkono wanamtajia rangi inayofuata kabla hajaishika, zambarau bibi, zambarau tena, haya sasa nyeupe. Mjukuu wake hakutaja, yeye alikuwa anamchagulia chane na kumpa mkononi.