Siku moja maishani mwangu: steshenari, Chuo Kikuu Huria na shirika la uandishi tunalolianzisha Moshi

Saa 10:40 alfajiri

Naishi Pasua, chumba cha kupanga, na huu ndio muda ambao nyumba nzima bado imelala. Nasoma shahada ya Sanaa na Elimu, Kiswahili na Historia, katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hiki kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kikiwalenga watu wanaosoma huku wakifanya kazi, na kina kituo cha mkoa hapahapa Moshi. Hakuna kengele wala mhadhiri wa kukukumbusha. Usipojitengea saa zako, mwaka unakatika. Mimi nimejitengea hizi za alfajiri.

Leo nasoma historia ya magazeti ya Kiswahili enzi za ukoloni. Mambo Leo, gazeti la serikali, lilianza mwaka 1923. Huku kwetu wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao kufikia 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama chao kikuu cha ushirika. Miaka ya 1950 Moshi ikawa na gazeti lake la Kiswahili, Komkya, na wasomaji walikuwa wakipeleka barua humo kubishana juu ya uongozi na maendeleo ya Wachagga. Hapo ndipo ninaposimama kila ninaporudia sura hii. Mtu alikaa kihambani kwake, yaani kwenye shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, akaandika akijua yuko mhariri atakayeifungua barua yake, na wako majirani watakaoisoma, na pengine wiki chache baadaye mmojawao atamjibu.

Shirika tunalolianzisha, mimi na wenzangu, limetokana na jambo hilo. Vijana wa Moshi wana mengi ya kuandika. Wanachokosa ni msomaji, na huyo ndiye tunayetaka kuwapa. Mwanafunzi wa sekondari akiandika insha, anayeisoma ni mwalimu mmoja mwenye rundo la madaftari ya mikondo yote, naye hana nafasi ya kufanya zaidi ya kuweka alama na kwenda kwenye daftari linalofuata. Simlaumu mwalimu huyo, maana mwenyewe nasomea kazi yake. Lakini kijana anayepata 11 kwa 20 bila neno hata moja hajui kama kuna mtu aliyesikia alichosema.

Saa 12:20 asubuhi

Chai, kiporo cha jana, mwavuli. Masika yameshika, Mlima Kilimanjaro hauonekani kabisa, si kilele cha Kibo wala cha Mawenzi. Daladala zimejaa, vituoni wanafunzi wamesongamana maana makonda hawataki kupakia sare, kwa hiyo natembea.

Saa 1:30 asubuhi

Steshenari ninayofanyia kazi haiko mbali na stendi. Tunatoa kopi, tunachapa, tunaskani, tunalamineti vyeti, tunabaindi ripoti za wanafunzi wa vyuo, tunapiga passport saizi. Asubuhi wanatangulia walimu wenye mitihani ya kudurufu na vijana wanaoomba kazi. Hawa vijana huja na vyeti ndani ya bahasha ya kaki na kuniambia, "Dada, niandikie barua ya maombi kama ile uliyomwandikia mwenzangu." Ninawaandikia, ila kwanza namuuliza kila mmoja: umewahi kufanya nini kwa mikono yako? Wengine wananitazama kwa mshangao. Kijana mmoja leo alikuwa ameshasema mara mbili kwamba hana uzoefu wowote, kumbe tangu kidato cha pili ndiye aliyekuwa akipiga hesabu za duka la shangazi yake huko Himo na kuagiza mzigo. Hilo likaingia aya ya pili ya barua. Aliposoma alikaa kimya kidogo, kisha akaniomba nimtolee nakala nyingine.

Saa 3 na ushei akaingia mzee kutoka Uru, kanzu imelowa chini, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka barua ya mfereji."

Mvua zimeporomosha udongo ndani ya mfereji wao, maji hayafiki vihamba vya chini, na siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuuzibua nyumba kadhaa hazikutoa mtu. Alitaka barua kwa mwenyekiti wa kamati. Nikaweka vidole kwenye kibodi, naye akaanza kusema. Nilikuwa nakimbizana naye tu. Alianza na banio huko juu, pale maji yanapoingizwa mferejini, akashuka na mfereji kama mtu anayetembea kando yake: hapa kuna mti umelala, hapa ng'ombe wamebomoa kingo, hapa maji yanageukia barabarani. Alipofika kwenye majina ya wasiokuja, akanyamaza, akaniambia niandike kwanza kwamba mmoja wao alikuwa na msiba na asihesabiwe. Halafu ndipo akawataja waliobaki. Mwisho akaeleza anachotaka kifanyike na siku gani. Hakurudia kitu. Nilibadilisha maneno machache sana.

Mzee huyu aliishia darasa la nne, ameniambia mwenyewe. Mpangilio wa habari, haki kwa anayelaumiwa, mahali pa kuanzia na mahali pa kukomea, vyote anavyo. Navifikiria sana hivi, kwa sababu alasiri ninakutana na wajukuu wa wazee kama yeye, na hao wakiwa wanapiga soga uwanjani wanasimulia vizuri vilevile. Wakishika kalamu ndipo mambo yanapobadilika. Nitafika huko.

Saa 5:10 asubuhi

Bosi wangu amenipa ruhusa ya kutoka, nitafidia Jumamosi. Ni mtu mwema kwa jambo hili. Karatasi za shirika ananichapia kwa gharama ya wino tu.

Nimekwenda ofisi za Manispaa kwa afisa maendeleo ya jamii. Wengi wananiuliza tunajisajili wapi, basi nieleze kidogo. Nchini kwetu kundi la watu linaweza kuwa chama cha kijamii chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, au bodi ya wadhamini kupitia RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), au shirika lisilo la kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Sisi tumechagua hili la mwisho, kwa sababu tunataka kuwahudumia watu walio nje ya kundi letu na hatugawani faida. Unaweza kusajili shirika kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Baadhi yetu walitaka taifa, jina lisikike. Mimi nilisimamia wilaya na nashukuru tulikubaliana, maana madaftari tunayoweza kuyasoma kwa uaminifu yako hapa mjini.

Nilibeba katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye saini, wasifu na picha za viongozi. Afisa aliisoma katiba yote mbele yangu, kifungu kwa kifungu, jambo ambalo sikulitarajia. Akauliza: mnufaika wenu ni nani, na mtajuaje kwamba amenufaika? Nikajibu la kwanza haraka. La pili nikalijibu kwa kutoa daftari la mwanafunzi kwenye mkoba na kumwonyesha andiko lake la kwanza na la mwisho. Akasoma yote mawili. Akasema tuandike hivyohivyo kwenye mpango kazi: tutahifadhi andiko la mwanzo na la mwisho la kila mshiriki, wayalinganishe wasomaji wawili wasiomfahamu. Nimetoka na kazi mbili za kurekebisha: kifungu cha ukomo wa uongozi, na barua ya kuomba kibali cha kuingia shuleni, ambayo inapaswa kutaja shule zote na siku zenyewe.

Saa 7:30 mchana

Ndizi nyama kwa mama ntilie nyuma ya duka, huku nikipitia maswali ya jaribio la wiki ijayo. Kisha foleni ya wateja hadi saa nane na nusu.

Saa 9:15 alasiri

Hii ndiyo saa ninayoingoja tangu asubuhi. Shule ni ya kata, darasa la mwisho upande wa mashamba. Wanaobaki baada ya masomo kuandika nasi ni wale waliotaka wenyewe, wengi wao kidato cha pili na cha tatu. Mwalimu wao wa Kiswahili hukaa nyuma nasi, na siku hizi naye anaandika.

Watoto hawa walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Walipoingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yakageuka Kiingereza, na Kiswahili kikabaki somo miongoni mwa masomo. Humo wakafundishwa insha: utangulizi, kiini, hitimisho. Sipingi muundo huo, una faida yake kwenye mtihani. Ninachopinga ni kumfanya kijana aamini kwamba kuandika ni kujaza vyumba vitatu kwa maneno ambayo mtu yeyote angeweza kuyaandika. Siku ya kwanza niliwaambia waandike juu ya soko, na karibu madaftari yote yakaanza: "Soko ni mahali ambapo watu hununua na kuuza bidhaa." Na hawa ni watoto ambao mama zao wanashinda soko la Mbuyuni!

Leo nimewasimulia mzee wa mfereji, bila kutaja majina. Nikawaomba waandike njia wanayoipita kila siku kwa namna ambayo mgeni angeweza kuifuata bila kuuliza, na mahali pamoja kwenye njia hiyo wasimame waeleze jambo lililotokea hapo.

Walipoanza tu, mvua ikashuka. Mnajua mvua ya masika juu ya mabati: huwezi kufundisha, huwezi hata kumsikia wa jirani. Madarasa mengine yalikuwa yakipiga kelele. Letu lilikuwa limeinamia madaftari. Nilipita katikati ya madawati nikisoma juu ya mabega yao, na nikasimama kwa binti mmoja wa kidato cha tatu. Njia yake inapita kwenye migomba ambako mama yake hununua ndizi za kupeleka sokoni. Ameeleza jinsi mama anavyoupima mkungu wa mshare, ndizi zetu za kupika, kabla ya kutaja bei: anapitisha kidole kwenye ndizi, akiona pembe zimejaa na kuanza kuwa mviringo anajua umekomaa, pembe zikiwa bado kali anaacha. Halafu sentensi moja: "Mwaka aliofariki baba, alinunua hata ambayo haijakomaa."

Niliweka alama ndogo ya penseli pembeni ili nikumbuke kurudi.

Kuna walimu, si wa shule hii, waliowahi kuniambia kwamba tunawapotezea watoto muda wa kujiandaa na mtihani. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Aliyeweza kuandika sentensi ile anaweza kujaza utangulizi wowote atakaotakiwa, na sarufi tunaifundisha, tena kwa ukali, wakati wa kusafisha andiko la mwisho. Ila hatuanzi nayo.

Saa 12:30 jioni

Kikao cha waanzilishi, sebuleni kwa mwenzetu anayeishi Majengo. Mama yake ametupikia mtori. Wengine ni mwalimu, mhasibu wa SACCOS, fundi simu na mwanafunzi wa chuo.

Ajenda ya kifungu cha uongozi ilimalizika upesi. Iliyotuchukua muda ni ujumbe wa mtu aliyejitolea kututafutia ufadhili. Anataka visa vya kusikitisha vya watoto, kwa Kiingereza, pamoja na picha zao. Fedha tunazihitaji kweli: madaftari, kalamu, nauli za wanaosoma kujitolea, kijitabu cha mwisho wa mwaka. Mhasibu wetu alisema jambo lililotusaidia sote: tuangalie sheria inasemaje kwanza. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, andiko ni mali ya aliyeliandika tangu alipoliandika. Halihitaji kusajiliwa popote. Kwa hiyo hatuna cha kumpa mfadhili, kwa kuwa si chetu. Nikawasimulia habari za yule binti bila kusoma daftari lake, nikasema nisingeweza kuvumilia kuiona sentensi yake juu ya bango la kuchangisha.

Tumeamua na tumeandika katika kanuni za ndani: hakimiliki inabaki kwa mwandishi, hakuna andiko linalotoka bila idhini yake na ya mzazi, na hakuna picha ya mtoto inayoambatanishwa na andiko. Mfadhili anayekubali masharti hayo tutamkaribisha kwa mikono miwili. Kijitabu tutaanza nacho kidogo, kwa michango yetu, na tutaomba namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu kimataifa, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kama vitabu vingine vyovyote. Fundi simu alipinga, akisema ISBN ni mapambo. Mimi nadhani mtoto anastahili kukikuta kijitabu chenye jina lake kwenye rafu ya maktaba ya mkoa, na akaazima kama anavyoazima vingine. Tulipiga kura, ikapita.

Saa 3:15 usiku

Nyumbani. Madaftari kwanza, kwa sababu nikianza na chuo nitayasoma nikisinzia.

Utaratibu wetu ni huu: kalamu nyekundu hairuhusiwi kwenye rasimu. Msomaji anamwandikia mwandishi barua fupi chini ya andiko, kwa jina lake. Anamtajia mahali ambapo yeye msomaji aliliona jambo kama kwa macho yake, kisha anamuuliza swali moja ambalo kweli anataka jibu lake. Swali la kujionyesha tunalifuta. Kijana mmoja ameandika juu ya daraja la Rau na nimemuuliza maji yalikuwa na rangi gani siku hiyo. Binti wa mshare nimemwandikia kwamba niliuona mkono wa mama yake juu ya mkungu. Kisha nikamuuliza, kama angependa kujibu: ndizi zile ambazo hazijakomaa, aliziuza kwa nani?

Saa 4:45 usiku

Nimebakiza kurasa kadhaa za moduli na barua ya kibali. Barua nitaichapa kesho kazini kabla wateja hawajafika.

Tunatafuta wasomaji zaidi. Ukiwa unaishi Moshi mjini, Kibosho, Uru au Machame na unaweza kuchukua madaftari matatu Alhamisi jioni na kuyarudisha Jumatatu yakiwa na barua chini yake, karibu. Si lazima uwe mwalimu wala mwandishi. Uwe unapenda kusoma Kiswahili, uwe na subira, na uyatunze madaftari yasilowe.