Maiti za Mto Kagera

Mwezi wa Mei 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, nilikuwa miongoni mwa vijana walioopoa maiti za waliouawa huko, katika mwalo wa Kasensero, wilayani Rakai, Uganda, karibu na mahali Mto Kagera unapomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Wengi walikuwa wamefungwa mikono nyuma, na majeraha yao yalikuwa ya panga na rungu zaidi kuliko ya risasi. Watu mwaloni walisema kwamba Wahutu na Watutsi wamechukiana tangu zamani, wakaishia hapo. Mzee mmoja aliyekimbia Rwanda mwaka 1959, ambaye tulikuwa tukichimba naye makaburi, alikataa maelezo hayo. "Mwanangu," aliniambia, "wanajeshi peke yao hawaiwezi kazi hii. Hawa wameuawa na watu waliowajua kwa majina."

Ilinichukua miaka kuelewa jinsi majirani walivyofikishwa hapo. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia mkutano wa hadhara huko Kabaya kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia, iliyodaiwa kuwa asili yao, kupitia Mto Nyabarongo, na Nyabarongo ndio unaoulisha Kagera. Kwa hiyo maiti tulizozibeba zilikuwa zimetangazwa mchana kweupe, mwaka mmoja na nusu kabla ya kutufikia. Vita vya waasi wa RPF, wengi wao Watutsi, vilivyoanza Oktoba 1990 viliwapa watawala hofu ya kuichochea, na RTLM, redio ya Wahutu wenye msimamo mkali iliyoanza kutangaza Julai 1993, ikamfanya kila jirani Mtutsi aonekane jasusi, hata kuua kukaitwa kujilinda. Vitambulisho vyenye kabila, vilivyoletwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, vilirahisisha kuwatambua Watutsi kwenye vizuizi vya barabarani. Aliyesita aliogopa kuitwa msaliti, na aliyeshiriki aliahidiwa shamba au ng'ombe wa marehemu.

Lakini jambo linalonishawishi zaidi kwamba mzee yule alisema kweli ni yaliyotokea katika mkoa wa Butare, kusini mwa Rwanda. Wakazi wake walisikiliza redio ileile na kubeba vitambulisho vilevile, ila mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, alikataa kuruhusu mauaji, na kwa takriban wiki mbili tangu mauaji yaanze kwingineko mapema Aprili 1994, sehemu kubwa ya mkoa ilibaki tulivu. Serikali ilimwondoa, na tarehe 19 Aprili rais wa muda, Théodore Sindikubwabo, akaenda mwenyewe kuwahimiza watu "wafanye kazi", maneno yaliyomaanisha kuua. Mauaji makubwa yalianza mara moja, na miongoni mwa walioyafanya walikuwemo wananchi walewale waliokuwa wametulia wiki iliyotangulia.