Kwenda kwa mshauri nasaha hakufuti viza

Kila Septemba hapa Minnesota tunapokea wanafunzi wapya kutoka nyumbani, na ikifika Februari kuna mmoja au wawili ambao hawaonekani tena. Si kwamba wamerudi, wamejifungia. Ukimpigia: "Niko poa kaka, utafiti tu umenibana." Ukienda kwake unakuta pazia limeshushwa mchana kweupe, ugali umekaukia kwenye sufuria, na mwenyewe amekaa kitandani na koti la nje.

Tunasingizia baridi, na giza la saa kumi na nusu jioni. Yapo hayo. Ila kwa ninavyoona, wa shahada za juu wanamalizwa na hesabu. Posho ya wengi inalipwa miezi tisa, kodi ya nyumba kumi na miwili. Muhula ukiendelea, viza ya mwanafunzi, F-1, inakuruhusu kazi ya chuoni isiyozidi saa 20 kwa wiki. Nyumbani nao wanajua mtoto yuko Marekani: ada ya mdogo wake, bati za bibi, grupu la harusi ambalo jina lako limeshaorodheshwa na kiasi umepangiwa. Simu ya shida ikipigwa Dar saa sita mchana, huku ni saa tisa usiku. Bado kuna msimamizi wa utafiti anayekaa na sura ya tasnifu yako mwezi mzima bila neno.

Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha utafiti wa wanafunzi zaidi ya 2,000 wa shahada za juu: dalili za sonona na wasiwasi zilikuwa zaidi ya mara sita ya watu wa kawaida. Waliojibu walijitokeza wenyewe, kwa hiyo huenda namba imevimba kidogo. Hata ukiigawa kwa mbili bado inatisha.

Wengine watasema aombewe. Aombewe, na aende kuonwa na mshauri nasaha. Dada mmoja nilipomshauri hivyo aliniuliza, "Hawatapeleka taarifa uhamiaji?" Hawapeleki. Mazungumzo yale ni siri kisheria, isipokuwa mambo machache kama maisha ya mtu kuwa hatarini.

Tena ukiugua, hata kama ni sonona, F-1 inaruhusu upunguze masomo au usimame kabisa ukiwa hapahapa, hadi miezi 12 kwa kila ngazi ya shahada. Unahitaji barua ya daktari au mwanasaikolojia wa tiba mwenye leseni, na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ikuidhinishe KABLA hujaacha darasa. Ukiacha kwanza ndipo ukajieleze, hapo uhamiaji ndio wanakuhusu.

Dada yule alisimama muhula mmoja kwa utaratibu huo. Nyumbani aliwaambia yuko likizo ya utafiti, na sikumlaumu.

Mambo yakizidi usiku, piga au tuma ujumbe 988, namba ya Marekani ya msaada kwa mtu aliyezidiwa kimawazo au anayefikiria kujiua. Wanapokea saa zote, bure.