Wiki 12 za "huenda": kutafuta mtoto wakati kinga ya mwili inashukiwa

Karatasi ya maabara imeandikwa ANA chanya, 1:80. Daktari amesema huenda ni lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, akaongeza tusubiri tuone. Nyumbani mama mkwe anahesabu miezi, na kwenye simu kila ukurasa unaoufungua unatisha kuliko uliotangulia. Naandika kwa ajili ya mwanamke aliyefika hapo, pamoja na mume wake, maana haya mambo wengi wanaachiwa wanawake wabebe peke yao.

Tuanze na hiyo ANA. Ni kipimo cha mlangoni tu, kinachotafuta kingamwili zinazolenga viini vya seli za mwili wako mwenyewe. 1:80 maana yake maji ya damu yako yalizimuliwa mara 80 na kingamwili bado zikaonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwapima watu wenye afya zao: kwa kiwango cha 1:80 karibu 13 katika kila 100 walitoka chanya, na kwa 1:160 walibaki 5. Vigezo vya lupasi vya mwaka 2019 vinaitaka ANA ya angalau 1:80 kama ruhusa ya kuanza kuhesabu dalili nyingine, basi. ANA peke yake haizuii mimba na haina dawa ya kuishusha. Kuirudia kila mwezi ni kutupa hela ambazo utazihitaji kwa vipimo vya maana.

Vipimo vya maana vinajibu maswali manne. Je, kuna kingamwili za fosfolipidi, zile zinazogandisha damu? Je, kuna anti-Ro, kingamwili inayoweza kugusa moyo wa mtoto tumboni? Figo zikoje? Tezi ya thairoidi ikoje? Yaandike kwenye karatasi, ingia nayo kwa daktari. "Huenda una shida ya kinga" haimwambii mtu afanye nini. Majibu ya maswali haya manne yanamwambia.

La kwanza ndilo nitakalokaa nalo zaidi, kwa sababu ndilo linalopoteza mimba nyingi na ndilo lenye tiba. Ugonjwa wa kingamwili za fosfolipidi ulitambulishwa London mwaka 1983 na Graham Hughes na wenzake. Kingamwili hizi hufanya damu igande pasipotakiwa, na huvuruga kondo la nyuma lisijishike vizuri. Vigezo vya mwaka 2006 vinaushuku kwa mwanamke aliyepoteza mimba 3 mfululizo kabla ya wiki 10 bila sababu nyingine, au hata mimba 1 tu ya wiki 10 na kuendelea ambayo mtoto alikuwa na umbile la kawaida, au aliyejifungua kabla ya wiki 34 kwa sababu ya presha kali ya mimba au kondo kushindwa kazi. Wataalamu wengi wa uzazi siku hizi wanapima baada ya mimba 2 kutoka, na naona wako sahihi. Kumwambia mama arudi akipoteza ya tatu ni ukatili usio na faida.

Vipimo ni vitatu na vinafanywa pamoja: antikadiolipini, anti-beta-2 glaikoproteini, na kile kinachoandikwa LA (lupus anticoagulant), kinachopima damu inavyochelewa kuganda kwenye chupa. Ukipimwa kimoja bado hujapimwa. LA ndiyo yenye uzito zaidi kwa mimba, na ndiyo inayoharibika kirahisi kwenye maabara, kwa hiyo tazama damu inavyochukuliwa. Chupa yake ina kifuniko cha bluu na ndani kuna majimaji kidogo ya sitreti. Hesabu ni sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitreti, ndiyo maana kuna mstari pembeni ya chupa. Damu isipofika kwenye mstari, sitreti inazidi, damu inachelewa kuganda, na jibu linaweza kusoma chanya kwa kosa la chupa. Una haki ya kusema, "Samahani, naona haijafika kwenye mstari." Baada ya hapo damu inazungushwa kwenye mashine mara mbili ili chembe sahani (chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda) zote zitoke, na isipopimwa ndani ya saa 4 inagandishwa. Kama kituo kinatuma sampuli mji mwingine, uliza kabla ya kulipa: mnazungusha na kugandisha hapa, au mnaituma hivyo hivyo kwenye basi? Wakisita kujibu, nauli ya kwenda kupimiwa kwenye maabara kubwa yenyewe ni nafuu kuliko jibu la uongo.

Dawa nazo zinaharibu LA: warfarini, heparini, na vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda. Homa kali au uvimbe mwilini vivyo hivyo. Mimba ikitoka, ngoja wiki 6 hivi kabla ya kupima.

Kisha chochote kati ya vipimo hivi vitatu kikitoka chanya, kinarudiwa baada ya wiki 12 au zaidi. Hapa ndipo watu wanapokata tamaa, wakidhani daktari anawachosha. Sababu ni kwamba malaria, kaswende, virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C vinaweza kuzipandisha kingamwili hizi kwa muda, halafu zikashuka zenyewe. Na kwenye antikadiolipini na anti-beta-2, angalia namba, usitosheke na neno chanya. Kwa antikadiolipini, vigezo vya 2006 vinataka zaidi ya uniti 40, au kuvuka kiwango cha watu 99 kati ya 100 wenye afya; kwa anti-beta-2 wanatumia hicho cha 99. Antikadiolipini ya 18 iliyopimwa wiki ya malaria haitoshi kumfanya mtu aanze kujidunga sindano kila siku.

Kuna jambo linalovunja nyumba hapa. Kipimo cha zamani cha kaswende, VDRL au RPR, kinatumia kadiolipini kama chambo, kwa hiyo mwenye kingamwili za fosfolipidi anaweza kutoka chanya bila kuwahi kuugua kaswende. Mume anakasirika, mke analia, na wote hawana kosa. Dawa yake ni kupimwa TPHA, au kile cha haraka cha kliniki kinachotafuta kingamwili za kijidudu chenyewe. VDRL chanya na TPHA hasi kwa mama aliyepoteza mimba ni dokezo la kumpima fosfolipidi. Muuguzi anayelijua hili ameokoa ndoa na huenda mimba ijayo.

Sasa hizo wiki 12 usizikae bure. Kama unasubiri bila kushika mimba, epuka vidonge vya majira vyenye estrojeni, maana vinaongeza hatari ya damu kuganda. Kitanzi cha shaba ni salama. Anza foliki asidi mikrogramu 400 kila siku. Pima presha, na mkojo wa protini. Kijiti kikionyesha alama moja au mbili, omba uwiano wa protini na kreatinini. Kama figo zina uvimbe wa lupasi, mimba inasubiri hadi ugonjwa utulie kwa miezi 6 hivi. Najua miezi 6 ni mirefu kwa mwenye miaka 36, lakini figo inayowaka ikikutana na mimba huhatarisha mama na mtoto pamoja. Mume naye apimwe mbegu wakati huu huu. Ni kipimo rahisi, na kuna wanaohangaika na kinga miaka miwili kumbe tatizo liko upande wa pili.

Fungua pia kile kikapu cha dawa. Methotreksati iachwe mwezi 1 hadi 3 kabla, maikofenoleti wiki 6 kabla, na warfarini ibadilishwe mapema kwa sababu huharibu mtoto hasa kati ya wiki ya 6 na 12. Za presha kama enalaprili na lisinoprili nazo hubadilishwa. Azathioprini na haidroksiklorokwini zinaendelea, na tafadhali usiache haidroksiklorokwini kwa hofu ya mimba: kuiacha ndiko kunakoamsha lupasi. Kipimo chake hakizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 60 mwisho wake ni miligramu 300, wakati wengi hupewa vidonge viwili vya 200 bila kuwekwa kwenye mizani.

Na diklofenaki. Inauzwa kila duka la dawa, na mwenye viungo vinavyouma anaimeza kama njugu. Ikitumika mfululizo siku za katikati ya mwezi, inaweza kuzuia yai lisipasuke na kutoka, hata kama hedhi inakuja kwa tarehe zake. Ibuprofeni na ndugu zake ni hivyo hivyo. Unapotafuta mtoto, tumia parasetamoli kuanzia hedhi inapoisha, na mwambie daktari ikishindwa.

Vipimo viwili vya fosfolipidi, cha kwanza na cha marudio, vikikubaliana na historia yako, tiba inajulikana: aspirini ndogo, miligramu 75 hadi 100 kwa siku, ikianza wakati mnatafuta, na heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, kipimo cha mkojo kinapoonyesha mimba. Utafiti wa London wa mwaka 1997 ulikuwa na wanawake 90: waliopewa aspirini peke yake 19 kati ya 45 walijifungua mtoto hai, waliopewa aspirini na heparini ni 32 kati ya 45. Dukani sema "aspirini ya 75". Kidonge cha kawaida cha 300 ni mara nne ya hiyo.

Enoksaparini ni aina moja ya heparini, na dozi ya kawaida kwa kazi hii ni miligramu 40 mara moja kwa siku, kwenye bomba lililojazwa tayari. Kaa uegemee nyuma. Chagua sehemu ya tumbo pembeni, vidole vitatu hivi kutoka kitovuni. Safisha, acha pakauke. Ndani ya bomba utaona kiputo cha hewa. Usikitoe, kinasukuma tone la mwisho. Bana ngozi kwa vidole viwili, ingiza sindano wima mpaka mwisho, sukuma taratibu, toa, kisha achia ngozi. Usisugue. Kusugua ndiko kunakoleta yale mabaka meusi ya damu yanayowatia watu hofu. Kesho dunga upande wa pili. Haihitaji friji, ila isikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 25, kwa hiyo kwa Dar au Mombasa iweke chumba chenye ubaridi kuliko vyote, usiigandishe, na usiiache kwenye gari.

Bei ndiyo inayowashinda wengi. Heparini ya kawaida ya chupa, uniti 5,000 mara mbili kwa siku, ndiyo iliyotumika kwenye utafiti ule, na ni mbadala halali. Shida yake ni chupa zenyewe: kuna zenye uniti 1,000 kwa mililita na kuna zenye 5,000 kwa mililita, na zinafanana. Soma lebo kila unaponunua, hata kama muuzaji ni yule yule. Enoksaparini na heparini hii, zote mbili zinahitaji kuangaliwa chembe sahani wiki za mwanzo.

Anti-Ro ni habari nyingine. Haizuii kushika mimba, lakini kwa akina mama wapatao 2 katika 100 wenye nayo inaharibu njia ya umeme ya moyo wa mtoto. Haidroksiklorokwini inapunguza hatari hiyo. Moyo wa mtoto upigwe ultrasaundi mara kwa mara kati ya wiki ya 16 na 26. Pasipo na mtaalamu, mkunga asikilize mapigo kila ziara, na yakiwa chini ya 110 kwa dakika yakibaki hapo, ni rufaa ya siku hiyo hiyo.

Tezi ya thairoidi: pima TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi. Kama umeandikiwa levothairoksini, imeze asubuhi na maji matupu, chai isubiri nusu saa hadi saa nzima, na vidonge vya damu vya kliniki vikae mbali kwa saa 4, kwa sababu madini ya chuma yanainasa dawa tumboni. Mimba ikionekana tu, mahitaji yanapanda. Wengi huelekezwa vidonge 9 kwa wiki badala ya 7 hadi TSH irudiwe, basi uliza mapema utafanya nini siku hiyo. Kama una kingamwili za tezi lakini TSH iko sawa, utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha dawa haiongezi watoto wanaozaliwa hai.

Kuna vitu vinauzwa ghali kwa jina la kinga: dripu za mafuta, dripu za kingamwili, prednisoloni kwa kila aliyepoteza mimba, vipimo vya seli za NK (aina ya seli za kinga) kwenye damu. Kwa mimba zinazotoka, sioni ushahidi wa kumfanya mtu auze kiwanja kwa ajili yake.

Ujauzito ukifika kliniki, foliki asidi irudi mikrogramu 400 kama ulikuwa unameza za miligramu 5, kwa sababu dozi hiyo kubwa inapunguza nguvu ya SP ya kuzuia malaria; daktari akitaka ya 5 iendelee, mwambie aamue suala la SP pia. Kwenye jalada la kadi andika kwa kalamu nene: enoksaparini 40, na saa ya sindano ya mwisho. Ganzi ya mgongo inataka ziwe zimepita saa 12. Uchungu ukianza, usidunge, nenda. Baada ya kujifungua sindano zinarudi kwa wiki 6, wakati ambao damu iko tayari kuganda kuliko wakati wowote wa mimba, na zinaendana na kunyonyesha bila shida.