Digrii zilizoandikwa kwenye lenzi ya jicho zisikudanganye

Ukiulizia lenzi ya jicho, ile unayochungulia kwenye darubini, ya kuonea anga pana, muuzaji atakutajia digrii: 52, 68, 82, 100. Hizo zinaeleza ukubwa wa dirisha unaloliona ukishaweka jicho pale, basi. Kipande cha anga utakachokipata kinaamuliwa na pete nyembamba iliyo ndani ya shingo ya lenzi, ile inayokata ukingo wa picha. Gawa kipenyo cha pete kwa urefu wa fokasi wa darubini, zidisha kwa 57.3, umepata digrii za anga.

Tuchukue Dobson, darubini ya kioo inayokaa kwenye kitako rahisi, ya mm 200, f/6 (fokasi ikigawanywa kwa kipenyo cha kioo), yenye fokasi ya mm 1200. Shingo ya kawaida ya lenzi ina kipenyo cha mm 31.7 kwa nje, na pete yake ya ndani haizidi mm 27 hivi. Hesabu inakupa digrii 1.3, na kwa shingo hiyo huwezi kuvuka hapo hata ulipe kiasi gani. Plössl, lenzi rahisi ya kawaida, yenye fokasi ya mm 32 na digrii 50, inafika hapo. Lenzi ya mm 24 yenye digrii 68 inafika hapo hapo, kwa bei ya juu zaidi.

Sasa kwa nini mtu alipe? Gawa milimita za lenzi kwa namba ya f: unapata upana wa mwali unaotoka kwenye lenzi kuingia jichoni. Plössl ya 32 inatoa mwali wa mm 5.3 na kukuza mara 37. Ya 24 inatoa mwali wa mm 4 na kukuza mara 50. Ukiwa katikati ya Lubumbashi, taa za barabarani zikiwaka, mwali mpana unakuletea anga la kijivu. Mwali wa 4 unalitia weusi, na nyota dhaifu za makundi zinajitokeza. Umeme ukikatwa mtaa mzima tofauti inapungua sana, na huo ni usiku pekee ambao sisi wapenda nyota hatulalamiki. Kwa vyovyote, usizidi mwali wa mm 6 au 7: mboni ya mtu mzima mara nyingi haifunguki zaidi ya hapo, na mwanga wa ziada unapotea bure.

Shingo kubwa ya mm 50.8 ina pete ya hadi mm 46, yaani digrii 2.2 kwenye Dobson ile ile. Je, unaihitaji? Kwetu huku, digrii 11.7 kusini mwa ikweta, jibu langu ni ndiyo, kama fokasa yako, bomba linaloshika lenzi na kurekebisha ukali wa picha, inaipokea. Nebula ya Carina, wingu la gesi, ina upana wa karibu digrii 2 na inapanda hadi digrii 42 juu ya upeo wa kusini. Kilimia nacho kinakaribia digrii 2. M7, kundi la nyota kwenye mkia wa Nge, ina digrii 1.3: ndani ya shingo ndogo inajaa hadi ukingoni, haina anga la kuizunguka, na kundi lisilo na anga pembeni halionekani kama kundi. Omega Centauri, kundi jingine la nyota, haina haja ya yote hayo, ina dakika 36 tu (digrii moja ni dakika 60). Iangalie kwa lenzi ya mm 14 yenye digrii 82. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani, lina digrii 10 hivi, hilo mwachie mwenye darubini ya macho mawili.

Pesa nyingi hupotelea kwenye ukingo wa picha. Lenzi rahisi ya vioo vitano au sita, ya aina ya Erfle, inaweza kufanya kazi nzuri kwenye darubini ya f/10, lakini ukiipeleka kwenye darubini ya kioo (Newton) ya f/5 nyota za pembeni zinageuka kuwa ndege wenye mabawa. Mwali wa f/5 unaingia kwa pembe kali, na vioo hivyo haviwezi kuunyoosha. Al Nagler, mbunifu wa lenzi wa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alitoa lenzi ya digrii 82 iliyowekewa, upande wa chini kabisa, vioo vya kutanua mwali, vinavyolainisha pembe kabla mwali haujafika juu. Ndiyo maana hata zile za bei nafuu za digrii 66, zenye mstari wa dhahabu na zinazouzwa kwa majina chungu nzima, ya mm 6 na ya mm 9 ni nzuri, maana zina vioo hivyo chini. Za mm 15 na 20 za familia hiyo hiyo hazina, na kwenye f/5 sizipendekezi kwa mtu yeyote.

Kabla ya kulaumu lenzi, nyoosha vioo vya darubini kwanza. Kisha weka nyota ya wastani katikati, iwe kali kama ncha ya sindano, halafu isogeze hadi ukingoni bila kugusa fokasa. Ikivimba, na ukizungusha fokasa kidogo inarudi kuwa nukta, uwanja wa picha umepinda tu. Macho ya kijana yanalirekebisha hilo yenyewe. Ikifanya mstari ambao upande mmoja wa fokasi unalala na upande wa pili unasimama, hiyo ni astigmatizimu, na mara nyingi ni ya lenzi. Ikiota mkia unaoelekea nje, mbali na katikati, ni koma ya kioo kikubwa, na hata lenzi ya dola 600 haitaiondoa. Koma inatibiwa kwa kirekebishi chake, na kwenye f/6 wengi wanaishi nayo bila shida.

Anayevaa miwani aulize umbali wa jicho kutoka kwenye kioo: chini ya mm 15 hataona ukingo, 18 hadi 20 ni raha. Pia aliye na Dobson aulize uzito. Lenzi ya mm 30 yenye digrii 82 inakaribia kilo moja, na ukiitia, mdomo wa darubini unaanza kushuka wenyewe. Soksi yenye mchanga, iliyofungwa upande wa kioo, inatosha kurudisha mizani.

Kiangazi ndicho msimu wetu, lakini Agosti na Septemba moshi wa mioto ya porini na vumbi jekundu vinatua juu ya kila kitu. Vumbi lipulizwe kwa mpira wa kupulizia, kamwe si kwa mdomo, maana mate yanakauka na kuacha alama. Usifute kwa shati: chembe za mchanga zinachora kioo. Msimu wa mvua fungia lenzi kwenye kopo lenye vifuko vya silika, ukungu usije ukaota ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki.